Waliokufa kwa Mgongo

Nilifikaje Ungangari, msiniulize. Njia ni ndefu na nusu yake nililala. Nitakayosimulia ni yale niliyoyaona macho yakiwa wazi, na najua kuna watakaosema nimetia chumvi. Haki ya nani, chumvi ilikuwa imeshatiwa na wenyeji kabla sijafika.

Mpakani nilipokewa na askari kijana, sare imepigwa pasi hadi inakata, ndevu ndiyo kwanza zinaomba ruhusa ya kuota. Hakuniuliza jina wala nilikotoka.

"Mgongo je?" akaniuliza.

"Huu wangu? Umechoka, kaka. Nimekaa vibaya safari nzima."

Rangi ikamtoka. Akatazama kulia na kushoto, kisha akainama juu ya meza. "Usirudie tena kusema hivyo. Hapa mwanamume akiulizwa mgongo, anajibu: uko wima. Hata kama amebebwa kwenye machela. Haya, tuanze upya. Mgongo je?"

"Uko wima."

"Karibu Ungangari," akasema kwa sauti kubwa, akagonga mhuri.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika nchi ile mgongo si huu uti unaotuzuia tusianguke kama nguo kutoka kwenye kamba. Ni jina la heshima la jambo ambalo mume na mkewe hulijua wao wawili, na ambalo kwetu watu wazima hulitaja kwa kukohoa. Ninyi ni watu wazima. Kohoeni, tuendelee.

Sheria kuu ya Ungangari inaitwa Sheria ya Heshima, na imechongwa kwenye ukuta wa kila ofisi: Hakuna mwanamume wa Ungangari aliyepungukiwa nguvu, anayepungukiwa, wala atakayepungukiwa. Nilipoisoma nilicheka, nikaona ni majigambo tu, kila taifa lina yake. Lakini sheria ile ina miguu, na ukiifuata inapokwenda utaacha kucheka. Kwa kuwa maradhi hayo hayapo, dawa yake haiwezi kuwapo. Kwa kuwa dawa haipo, serikali haiwezi kuikagua. Kwa kuwa haijakaguliwa, haijawahi kukutwa na kasoro. Na kwa kuwa haina kasoro, inauzwa kila pembe ya mji kuliko chumvi.

Inaitwa Wima. Ni unga wa rangi ya udongo ndani ya kopo jekundu lenye picha ya mtu amebeba fahali mabegani. Mwenye dawa anaitwa Profesa Dume. Nilipouliza ni profesa wa chuo gani, nikajibiwa ni profesa wa redio. Na kweli, redio ya taifa haikuweza kusoma habari kabla sauti yake haijapita, laini kama mafuta ya nazi: "Ndugu yangu, mkeo anakutazama vipi siku hizi? Una hakika?" Kisha ndiyo wasome habari za mafuriko.

Kopo limeandikwa Dawa ya Mgongo, na hilo lina madhara yake hata kwa wenye migongo halisi. Sokoni nilimkuta mpagazi anayetembea amejikunja kama ndoano. Gunia la mchele lilimwangukia, akapelekwa hospitali, akasema mgongo, wakampa kijiko cha Wima. Akasema jamani, mgongo huu wa nyuma! Wakamwongeza cha pili.

"Ukapona?" nikamuuliza.

"Mgongo haukupona, bwana mdogo. Ila kwa siku mbili nilishindwa kubeba magunia kwa sababu nyingine, na mke wangu alikwenda kulala kwa dada yake."

Tulicheka sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba mpagazi yule alikuwa mwenye bahati. Wanaume wa Ungangari hawafi kwa moyo, wala kwa figo, wala kwa presha. Wanakufa kwa mgongo. Mtu akiamka jicho moja limeingia giza ghafla, huandikwa kwamba mgongo umempanda machoni. Akianguka kizingitini huku kashika kifua, mgongo. Nilitembea makaburini mchana kweupe nikasoma vibao: mgongo, mgongo, mgongo. Ungedhani ni nchi ya watu waliojenga milima kwa mikono.

Mbele ya mahakama kuna mawakili waliopanga foleni kama wauza njugu, kila mmoja na mwavuli wake, wakiwaita wajane. "Mama, mume wa mgongo? Njoo kwangu, fidia ya haraka!" Nilidhani hatimaye nimeona haki. Nikamuuliza mmoja wao, kijana kama mimi, fidia inalipwaje.

"Kwa makopo," akasema.

"Makopo gani?"

"Ya Wima. Kampuni haikubali kosa, lakini kwa ubinadamu inampa mjane makopo. Nusu yangu, nusu yake."

"Na mjane anayafanyia nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana kazi gani. "Si ana watoto wa kiume?"

Hapo ndipo mzaha wangu ulipoanza kuchacha.

Nilipanga chumba kwa Bi Mashavu, mjane mwenye nyumba ya wageni nyuma ya mahakama. Mwanamke mpana, mpole wa mkono na mkali wa jicho. Alikuwa na mtoto mmoja, Hatibu, kinyozi, kijana mtanashati ambaye Ijumaa ile alikuwa anaoa. Siku ya kwanza tukinywa chai niliona ukutani picha ya mzee amekaa nyuma ya cherehani, nikauliza, kwa adabu tu, mzee alifariki kwa nini.

"Mgongo," akasema Hatibu haraka.

Bi Mashavu akaweka birika chini. "Kifua," akasema.

Wakatazamana. Nikajua nimekanyaga ugomvi wa nyumba ile, na umelala chini ya meza muda mrefu.

Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, Hatibu alipotoka kwenda kazini. Marehemu aliitwa Farahani, fundi wa kutengeneza cherehani. Alikuwa na kifua; hospitali walimpa vidonge vidogo, kifua kikibana aweke kimoja chini ya ulimi, kinaachia. Aliishi navyo vizuri. Kisha redio ikaanza kumuuliza mkewe anamtazama vipi. Akanunua kopo, akalificha kwenye droo ya sindano.

"Alasiri moja," Bi Mashavu akasema, "kifua kikambana. Akaweka kidonge chake chini ya ulimi kama siku zote. Akaniambia, Mashavu, mbona nyumba inakwenda? Akakaa chini polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Hakuinuka."

Hospitali daktari mmoja kijana alifungua lile kopo, akanusa, akamvuta pembeni. Akamwambia: mama, hii si mizizi mitupu. Humu wamesaga vidonge vya hospitali vya kazi hiyohiyo, na hakuna ajuaye kipimo. Vidonge hivyo na hivi vya chini ya ulimi havikai mwili mmoja. Vyote vinalegeza mishipa, damu inashuka, inashuka, haipandi tena.

"Halafu akachukua kalamu, akaandika cheti. Mgongo. Nikamwambia, mwanangu, si umesema mwenyewe sasa hivi? Akanijibu, mama, nami nina watoto."

Sasa sikilizeni kilichomtoa usingizi mama huyu, maana ndicho kilichonifunga mimi Ungangari hadi Ijumaa. Hatibu amerithi kifua cha baba yake. Anatembea na kichupa kilekile kwenye mfuko wa shati. Na desturi ya Ungangari ni kwamba bwana harusi halali na bibi harusi kabla hajalamba kijiko cha Wima hadharani, akilambishwa na mzee mwenye cheo kuliko wote pale, ngoma zikipigwa, kisha anafungua mdomo watu wakague. Asiyelamba, wageni huchukua zawadi zao wakaondoka nazo, pamoja na sahani walizolia. Kuna mmoja tu anayesamehewa: mwenye maradhi ya ukoo yaliyotambuliwa na serikali.

"Nimefungua kesi, nataka wabadilishe neno moja," Bi Mashavu akaniambia. "Moja tu. Pale walipoandika mgongo, waandike kifua. Basi mwanangu asamehewe kijiko, tena kwa heshima yake. Sitaki fidia. Makopo yao wakafunikie vyungu."

Nilikwenda kumwona Hatibu kwenye kibanda chake nikanyolewe, nikiamini mimi ni mtu wa maneno, nitamlainisha. Akanifunga kitambaa shingoni.

"Kaka Hatibu," nikaanza, "kwa nini usilambe unga wa ulezi? Rangi si inafanana?"

"Kopo linafunguliwa palepale na Profesa mwenyewe."

"Basi weka mdomoni uteme pembeni."

"Si nimekwambia wanakagua mdomo? Mpaka chini ya ulimi."

"Basi siku hiyo ugua."

"Niugue nini? Mgongo?"

Tukacheka wote wawili mpaka wembe ukasimama hewani. Kisha akaacha kucheka yeye peke yake.

"Wewe mgeni," akasema. "Utarudi kwenu utuchekee, na una haki. Mimi nitabaki hapa nikinyoa vichwa vya watu wanaojua kwamba sikulamba. Watakaa kwenye kiti hiki, wataninyamazia. Unamjua kinyozi anayenyamaziwa? Ni kijiko kimoja tu. Mama anavyolisema jambo hili, utadhani nakwenda kuchinjwa."

"Na baba yako?"

"Baba alikufa kwa mgongo," akasema, akaendelea kuninyoa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mfuko wa shati.

Kesi ilisikilizwa kesho yake. Mahakama ya Ungangari ni jengo zuri. Viti vya wanaume vina mito ya kuegemea, wanawake wana mabenchi. Aliyeketi juu ni Jaji Badawi, mzee wa shingo nyembamba na sauti nene, mtu anayesifiwa nchi nzima kwa hekima. Karani akasoma kwamba Mashavu binti Kheri anadai mumewe, marehemu Farahani bin Sefu, hakufa kwa mgongo. Ukumbi ukaguna kama amelitukana jeshi.

"Bi Mashavu," Jaji akasema, "marehemu alikuwa na upungufu?"

Lazima niwaeleze mtego ulipo, maana nami nilielezwa na yule wakili wa mwavuli. Mjane akisema ndiyo, amemvunjia marehemu heshima, na hilo ni kosa la jela. Akisema hapana, basi marehemu hakuihitaji dawa, asiyeihitaji dawa, kisheria, huhesabiwa hakuilamba, asiyeilamba haikumuua. Wenyewe mawakili wanauita mlango wa dema. Samaki huingia mtegoni, hatoki.

"Hakuwa na upungufu wowote, Mheshimiwa."

"Basi kwa nini alambe Wima?"

"Kwa sababu aliogopa."

"Aliogopa nini?"

"Aliniogopa mimi, baada ya kufundishwa." Akashika ukingo wa kizimba. "Mheshimiwa, tangu anioe sikuwahi kumlalamikia mume wangu. Redio ndiyo iliyomlalamikia. Asubuhi, mchana, jioni: mkeo anakutazama vipi? Mimi nilikuwa namtazama kama siku zote. Yeye ndiye aliyeanza kunitazama aone kama namtazama. Chakula akawa hakimalizi. Mtu mzima, fundi wa watu, anaficha kopo kwenye droo kama mtoto aliyeiba sukari. Nani alimtia hofu hiyo? Huyohuyo aliyemuuzia dawa yake."

Kwenye mabenchi ya wanawake vichwa vikaitikia.

Profesa Dume akainuka. Suti nyeupe, na kile kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo kimening'inia shingoni kama skafu, kimefungwa fundo. Aliyefunga fundo lile hajapata kusikiliza moyo wa mtu yeyote.

"Mheshimiwa, Wima ni mizizi mitupu! Haina kemikali! Babu yangu aliilamba maisha yake yote, akazika wake zake wanne!"

"Maskini wake zake," sauti ikatoka kwenye mabenchi.

"Kimya!" karani akafoka.

"Profesa," Bi Mashavu akasema kwa upole, "kwa hiyo hii ni ya mgongo tu?"

"Ya mgongo tu, mama yangu."

"Haidhuru mtu yeyote?"

"Hata mtoto mchanga! Hata mgonjwa! Hata aliyekwisha kufa ikimgusa anajisogeza!"

"Basi Mheshimiwa Jaji namwona tangu asubuhi amekaa upandeupande. Mgongo unamsumbua, mzee wa watu. Mpe kijiko."

Mchuuzi ni mchuuzi. Mtu mwenye akili angeuona mtego, lakini Profesa Dume aliona tangazo: jaji wa taifa, na kijiko mdomoni. Alishafungua kopo kabla mama hajamaliza sentensi. "Bure, Mheshimiwa! Kwa heshima yako, mbele ya umma wote! Fungua mdomo!"

Jaji Badawi hakufungua mdomo. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukashika mfuko wa kifuani, chini ya joho. Nilikuwa nimekaa mbele. Niliona umbo la kichupa kidogo kupitia kitambaa, na nilikuwa nimekiona kichupa kama hicho siku moja kabla, nikinyolewa. Hatibu, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya amepita tu, naye alikiona. Nusu ya ukumbi ilikiona.

"Mahakama," Jaji akasema, "haili ikiwa kazini."

Mimi huwa nacheka hata misibani, mama yangu ameshanikanya. Siku ile sikucheka. Maana nilielewa kwamba mzee yule anajua. Hakukosea, hakudanganywa, hakukosa elimu. Anajua kama daktari anavyojua, kama mawakili wa miavuli wanavyojua, kama redio inavyojua. Nchi nzima inajua, na nchi nzima imekubaliana kwamba ni afadhali fundi wa cherehani afe sakafuni kwake kuliko mwanamume mmoja mwenye cheo kusema: hata mimi.

Hukumu ilisomwa papo hapo. Farahani bin Sefu alikufa kwa mgongo. Mjane wake amepatikana na kosa la kumvunjia marehemu heshima kwa kudai kwamba aliogopa. Kwa huruma ya mahakama hatafungwa; ila kuanzia leo hadi kufa kwake ni marufuku kulitamka jina la mumewe. Akitaka kumtaja aseme, Marehemu wa Mgongo. Akilitamka jina, jela.

Nimesikia hukumu nyingi za kijinga, nyingine za shuleni nilikosoma zilinipata mwenyewe. Hii ilizipita zote. Wamemuua mume, wakaandika uongo juu ya kifo chake, na sasa wanamnyang'anya mjane hata jina la kumwitia kwenye dua.

Bi Mashavu hakulia. Alikwenda nyumbani akapika, kwa sababu wageni wa harusi walikuwa wameanza kufika.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta jikoni na Hatibu. "Nimekiona kile kichupa, mama," kijana alikuwa anasema. "Usinifanye mtoto."

"Sasa kama umekiona?"

"Nimekiona, halafu? Yeye ni jaji. Jaji ana pa kujificha. Mimi nina kiti cha kunyolea watu."

"Hatibu, mwanangu. Sina la kukuongezea. La kusema nililokuwa nalo wamenipokonya."

"Basi usiseme, mama. Leo tu. Niachie leo."

Akatoka. Bi Mashavu akaendelea kukuna nazi, akaikuna hadi kwenye kifuu, hata kifuu chenyewe akakikuna.

Na nani, unadhani, aliyefika alasiri kumlambisha bwana harusi? Jaji Badawi, kwa gari la serikali, ili kuonyesha kwamba hana kinyongo. Kumkataa ni kuidharau mahakama. Watu wakasifu: mtu wa kusamehe kweli! Profesa Dume naye alikuja na kopo jipya lililofungwa utepe, na vijana wake wakabandika picha ya mbeba fahali mpaka kwenye mlango wa choo.

Uwanja ulijaa. Wanaume huku, wanawake kule, bibi harusi Mwanakheri katikati kwenye kiti, shela imemfunika uso. Hatibu alisimama mbele ya Jaji, kanzu nyeupe, jasho limejipanga juu ya mdomo. Ngoma zikaanza. Ndiyo kawaida: zinaanza polepole, zinaharakisha, na watu wanapiga makofi wakiitikia "Lamba! Lamba!" mpaka kijiko kiingie.

Profesa akavunja utepe. Jaji akachota. Kijiko kikajaa kikafanya kichuguu, kikaanza kusafiri kuelekea mdomo wa Hatibu. Na Hatibu, Mungu wangu, akafungua mdomo.

"Farahani!"

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Ngoma moja ikakosea, nyingine zikaifuata. Bi Mashavu alikuwa amesimama.

"Farahani bin Sefu!" akasema tena, taratibu, kama anayemwita mtu aje kula.

Askari wawili wakaanza kupenya kati ya mabenchi. Hatibu hakugeuka kumtazama mama yake. Alifunga mdomo. Nikaona anahesabu jambo ndani ya kichwa chake. Na alipoinua mkono nilidhani anataka kukipiga kile kijiko kianguke. Hakukipiga. Alikipokea kutoka mkononi mwa Jaji kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akakigeuza.

"Mzee wangu," akasema, na goti lake likagusa ardhi, "baba yangu hayupo. Leo wewe ndiye umesimama mahali pake. Nami sikulelewa kutia mkono kwenye chakula kabla ya mkubwa. Wewe kwanza."

Ungangari ina sheria ya kila kitu, lakini haina sheria dhidi ya adabu. Wazee wakatazamana. Kijana amesema kweli. Mdogo hatangulii mkubwa. Mpiga ngoma mmoja, mtu asiyejua kitu ila kazi yake, akaona kijiko kiko mbele ya mdomo, akaanza upya. Makofi yakafuata.

"Lamba! Lamba!"

"Lamba, Mheshimiwa!" Profesa Dume akapiga kelele kuliko wote, kapiga magoti na kopo lake, uso unang'aa. "Ya mgongo tu! Lamba!"

Kijiko hakikurudi nyuma. Jaji alirudi hatua moja, akagota kwenye kiti. Mkono ukapanda kwenye mfuko wa kifuani. Safari hii hakukuwa na joho. Kanzu yake ilikuwa nyepesi, na umati mzima ulikiona kichupa.

"Siwezi," akasema.

"Lamba! Lamba!"

"Siwezi!" Sauti nene ikampasuka. "Nitakufa. Nina kifua."

Ngoma zikanyamaza, hata yule asiyejua kitu akanyamaza.

Askari walikuwa wameshamshika Bi Mashavu mikono. Alimtazama Jaji kutoka mbali, juu ya vichwa vya watu. Hakupaza sauti, haikuhitajika.

"Na Farahani alikuwa nacho," akasema.

Mwanakheri akafunua shela. "Hatibu," akaita, "mwaga hicho kitu uje ukae. Mimi sikuolewa na kopo."

Kijiko kikamwagwa. Kuku mmoja alikuja kudonoa, mtu akamfukuza kwa huruma.

Msidhani nchi ilipona. Nusu ya wageni walichukua zawadi zao na sahani zao, kama desturi inavyotaka. Bi Mashavu alipelekwa jela kwa kutamka jina mara tatu, na Jaji Badawi aliingia kwenye gari lake bila kusema la kumzuia askari. Lakini Bi Mashavu alipokuwa anapitishwa kati ya wanawake, bibi mmoja mkongwe alimgusa bega akasema, "Wangu aliitwa Mzingo." Mwingine nyuma yake akasema, "Wangu Shafii." Wakaendelea hivyo, jina kwa jina, mpaka askari wakashindwa kujua wamkamate nani, wakaenda na yule waliyekuwa naye. Asubuhi yake redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Jaji amepumzika nyumbani akisumbuliwa na mgongo. Baada ya hapo sauti ya mafuta ya nazi ikauliza: mkeo anakutazama vipi?

Nilimpitia Hatibu kumuaga. Kibanda kilikuwa wazi na kiti kitupu, alikuwa anafagia sakafu isiyo na nywele. Kwenye mlango alikuwa ameandika jina jipya la kibanda chake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuonekana mpaka mahakamani: FARAHANI.

"Utafungwa, kaka," nikamwambia.

"Hukumu ilimkataza mama. Mimi haikunitaja." Akakung'uta kitambaa. "Mchana nampelekea chakula. Kaa nikunyoe."

"Si ulininyoa juzi?"

"Kaa tu. Watu waone kuna mtu amekaa."

Nikakaa. Akanipitishia mkasi hewani muda mrefu, ukikata upepo. Watu walipita, wakatazama jina, wakatazama kiti. Hakuna aliyeingia, ila hakuna aliyetema mate.

Mpakani nilimkuta askari yuleyule, sare ileile inayokata. Alishika mhuri juu ya pasipoti yangu, akakaza sauti ili mkubwa wake aliyekuwa chumba cha nyuma asikie.

"Mgongo je?"

Nilikuwa na jibu tayari, nchi nzima ilikuwa imenifundisha. Nikazitazama ndevu zake zinazoomba ruhusa, na nyuma yake, juu ya rafu, kopo jekundu lenye mbeba fahali, limeshafunguliwa.

"Kifua je?" nikamuuliza.

Mhuri ukabaki hewani. Akageuka kuutazama mlango wa nyuma. Kisha akauweka mkono kwenye mfuko wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu nikanyage nchi ile, mwanamume wa Ungangari akajibu swali.

"Kinabana, kaka."